Kiti Alichokilinda Koko

Wiki iliyopita, hapa Kakiika, pembeni mwa mji wa Mbarara, mwendesha boda aliyekuwa amenibeba alisimama ghafla kando ya barabara akaniomba nishuke. Pikipiki ilikuwa inakohoa. Alilegeza bolti, akanyanyua kiti, na harufu ikanifikia kabla sijaona chochote: petroli, vumbi lililopikwa na joto la injini, na sponji kuukuu iliyokunywa mvua na jasho la watu wengi. Nikasogea nikachungulia. Si heshima sana, mwanamke wa umri wangu, mkoba wa kazini begani, kuinamia tumbo la pikipiki ya mtu, lakini nilishindwa kujizuia. Alipomaliza kushughulikia waya wake alianza kurudisha kiti kwa kukikandamiza nyuma kwanza, na hapo mdomo wangu ukanitangulia. "Anza na ulimi wa mbele, ssebo," nikamwambia kwa adabu zote. Akanitazama kama aliyesemeshwa na mzigo wake.

Mengi yangu nimeyasahau, hata majina ya walimu wengine walionifundisha kusoma. Lakini namna ya kutoa kiti cha pikipiki na kukirudisha sijaisahau, na sidhani kama nitaisahau. Nilijifunza Rubondo, kule kambi ya wakimbizi ya Nakivale, nikiwa na umri ambao meno ya mbele hung'oka na mengine hayajaja. Mwalimu wangu alikuwa papa, baba yangu.

Kwetu kwa asili ni Kivu ya Kusini, ila mimi sikumbuki chochote cha huko. Nililetwa Uganda mgongoni. Nilipoanza kuwa na akili ya kukumbuka, tayari tulikuwa na nyumba ya udongo, kishamba cha mahindi na maharagwe, mparachichi mmoja mbele ya mlango, na pikipiki ya papa imefungwa kwa mnyororo kwenye mparachichi huo. Nyumbani tulikuwa papa, mama, mimi na Koko. Koko ndivyo tunavyomwita bibi, na huyu alikuwa mama mzazi wa papa. Mwili wake ulikuwa mdogo na mkavu, sauti yake kubwa. Alikuwa binti wa mchungaji wa ng'ombe, na hata pale ambapo hatukuwa na ng'ombe hata mmoja bado alitembea na fimbo. Alisema fimbo ni ya kufukuzia mbuzi wa majirani. Mbuzi wa majirani walikuwa wachache, na Koko aliiegemea ile fimbo kuliko alivyoipunga, lakini hakuna aliyethubutu kumwambia hivyo.

Papa alibeba abiria siku sita za juma. Jumamosi jioni, kabla ya giza, alinawa mikono, akachukua spana, akaniita. Hiyo ilikuwa saa yangu. Bolti mbili, moja kila upande karibu na mkia wa kiti. Papa alizilegeza, mimi nikazimalizia kwa vidole na kuzitia katika kopo la sardini ili zisipotee majanini. Kisha kiti kilivutwa nyuma kidogo, ule ulimi wa chuma wa mbele ukachomoka chini ya tangi, na pikipiki ikabaki uchi. Nilipenda sana kutazama ndani. Kulikuwa na betri, nyaya za rangi rangi zilizofungwa kwa utepe, kitambaa cheusi kwa mafuta, na kila mara kitu kipya ambacho barabara ilikitia humo: punje ya mahindi, manyoya ya kuku, siku moja mjusi mdogo aliyenitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeingia kwake. Niliuliza kila waya unakwenda wapi. Papa alinijibu mpaka akachoka, na akichoka alisema, "Mwana, weye unauliza mambo mingi kuliko mupolisi."

Jumatatu asubuhi tulirudisha. Ulimi kwanza, uingie chini ya tangi mpaka usikie umegonga. Kisha unakandamiza mkia, unachungulia tundu na tundu zikutane, unaanzisha bolti zote mbili kwa mkono. Ukikaza moja kabla ya mwenzake kupata njia, tundu la upande wa pili linahama, na utalitafuta mpaka abiria wako wapande moto, ndivyo tunavyoita pikipiki, ya jirani.

Sababu ya kazi hiyo papa aliieleza kwa kila aliyeuliza. Jumapili ni siku ya Bwana, moto ipumzike. Lakini papa alikuwa mtu asiyejua kumkatalia mtu kitu. Jirani akija na gunia lake, papa hakuwa na uso wa kumwambia hapana. Basi alitoa kiti. Jirani akija, papa alimwonyesha pikipiki isiyo na kiti, wote wawili wakasikitika pamoja, na jirani akaenda zake bila kununa. Hilo nililielewa upesi, na nililiona kuwa werevu mkubwa.

Lililonishinda lilikuwa la pili. Jumapili asubuhi papa alikibeba kile kiti begani mpaka kanisani. Alitembea hivyo, suti yake ya kahawia mwilini, Biblia mkono mmoja, kiti cha pikipiki begani, mama akimfuata na mimi nikimfuata mama, na Koko na fimbo yake akituongoza wote. Kanisa letu lilikuwa la kuta za udongo na paa la mabati lililounganishwa na turubai, na mabenchi yake yalikuwa mbao nyembamba zilizopigiliwa juu ya magogo. Papa alikilaza kiti juu ya benchi, upande wa akina mama, kwenye kona penye ukuta wa kuegemea. Kisha alimwinamia Koko na kumwambia maneno yaleyale ya kila Jumapili: "Mama, unichungie hii kiti. Bezi ni mingi."

Koko alikitazama kiti, akawatazama watu waliokuwa wakiingia kama anayetafuta mwizi miongoni mwao, akakaa juu yake. Wizi ulikuwapo kweli. Rubondo nzima ikiwa kanisani, nyumba hubaki na kuku tu. Na Koko alilinda kwa moyo wote. Ibada yetu ilianza jua likiwa changa na kuisha tukiwa na njaa ya kutosha, na muda wote huo hakunyanyuka isipokuwa kwa sala. Kutoka palepale aliinua nyimbo za zamani, zile ambazo kwaya ya vijana na gitaa lao hawakuzijua. Alianza peke yake, sauti ikikwaruza kidogo, na kufika mstari wa pili kanisa zima lilikuwa nyuma yake, wanaume wazima wakilia kwa sababu ya milima waliyoiacha. Mimi nilikaa kwenye dumu la maji miguuni pake na kusikia wimbo ukipita katika goti lake.

Niwaambie pia habari ya viti vya plastiki, maana bila hiyo hamtamjua Koko. Kanisa lilikuwa na viti vichache vya plastiki, na vilikaa mbele, vya mchungaji mgeni na vya wagonjwa. Mzee mmoja wa kanisa, mtu mwema kabisa, aliona Koko akihangaika kwenye benchi, akamletea kimoja mbele za watu wote. Hiyo ilikuwa kabla ya mambo ya kulinda. Koko alisimama akasema, "Miye si mugeni, miye si mugonjwa," akatoka na fimbo yake akarudi nyumbani, na juma lote hilo hakuna aliyepata kicheko chake. Mama alinisimulia hadithi hiyo akiwa anacheka, lakini alinikataza kuirudia Koko akiwapo.

Sasa turudi kwenye lile lililonishinda. Kama tunaogopa wezi, kwa nini tunabeba kiti na kuacha pikipiki? Niligeuza jambo hilo kichwani siku nyingi. Mnyororo ule hata mimi ningeukata nikipewa msumeno. Mwizi atakayeona pikipiki nzima chini ya mparachichi, injini yake, magurudumu yake, atakwenda kutafuta kiti cha nini? Nikamuuliza mama, akasema nimuulize papa. Nikamuuliza papa, akasema nichote maji.

Basi nikauliza kwa sauti, Jumapili moja, palepale kanisani, papa akiwa ameinama bado na maneno yake ya "unichungie" hayajapoa. "Papa, kama bezi ni mingi, juu ya nini tunaacha moto?"

 Nakumbuka papa alivyobaki ameinama, mkono juu ya kiti, kama mtu aliyeshikwa mgongo. Wanawake wa benchi ya nyuma walitega masikio. Mama aliangalia paa. Ni Koko aliyesema, tena bila kuharakisha, huku akiketi na kupanga kitenge chake juu ya magoti.

"Moto haina fasi ya kuingia mu kanisa," alisema. "Kiti iko na fasi. Nyamaza, batu baombe Mungu."

Nilinyamaza. Jibu lilikuwa dhaifu na mimi nilijua ni dhaifu, lakini baada ya siku chache nililisahau, kama watoto wanavyosahau.

Mwaka uliofuata kiti kilianza kuzeeka. Ngozi yake ya plastiki ilipasuka pembeni, mvua ikaingia, sponji ikalala chini ikawa ngumu. Abiria walilalamika, lakini abiria hufika wakashuka. Aliyeshindwa ni Koko. Alianza kuhama hama wakati wa mahubiri, nikaona vidole vyake vikibana kichwa cha fimbo. Jumapili moja hakuinua wimbo hata mmoja. Iliyofuata alisema ana mafua, ingawa pua yake ilikuwa kavu. Nyingine alisema atabaki kulinda nyumba. Papa alikwenda kanisani bila kiti na bila mama yake.

Koko wa Jumapili za nyumbani alikuwa mtu mwingine. Alikaa mlangoni bila kumfukuza mbuzi yeyote. Niliogopa, nawaambia kweli. Nilimsikia mama akimwambia papa jikoni kwamba mzee akishaacha kutoka, kinachofuata hakichelewi. Asubuhi yake, ilikuwa likizo ya shule, papa aliniambia nivae sweta, tunakwenda Mbarara kutengeneza kiti.

Ilikuwa safari yangu ya kwanza ndefu juu ya pikipiki. Nilikaa nyuma yake, kichwa mgongoni mwake, vumbi jekundu likituingia masikioni mpaka Isingiro, kisha vilima vya migomba, ng'ombe wenye pembe ndefu kuliko mimi, na mwisho mji wenyewe na kelele zake. Tulipita katikati bila kusimama, tukashika barabara ya Kabale hadi Ruti, ambako fundi wa viti alikuwa na kibanda. Na hapo ndipo harufu ile nyingine ilipoingia kwangu, ya gundi na ngozi mpya. Viti vya pikipiki vilining'inia ukutani safu kwa safu, vyekundu, vyeusi, vya madoa ya chui. Sikujua duniani kuna viti vingi hivyo visivyo na pikipiki.

Papa alinipa spana. Nililegeza bolti mwenyewe na kuvuta ulimi, na fundi, kijana mnene wa hapohapo Mbarara aliyekuwa na pini mdomoni, akasema, "Kale," yaani haya, "huyu mutoto iko fundi tayari." Kisha alibandua ngozi yote, na nikaona kitu ambacho sikuwahi kukiona katika Jumamosi zote zile. Sponji ilikuwa na mabonde. La kwanza mbele, la papa. La pili katikati, pana na la ovyo, la abiria wote. La tatu lilikuwa mwishoni kabisa, dogo na la kina kuliko yote, nalo lilikuwa upande mmoja tu, limelemea kushoto.

Fundi alitia mkono wake humo. "Huyu si abiria ya barabara," alisema kwa Kiswahili chake cha pale mjini. "Huyu ni mutu moja, kila wakati moja. Anakaa ya upande. Upande ingine inamuuma." Akamtazama papa. "Iko mukaikuru?"

Mukaikuru kwa watu wa Mbarara ni bikizee. Papa alifuta vumbi usoni kwa kiganja. "Ni mama yangu," alisema.

Alieleza anachotaka, kwa sauti ya chini, kana kwamba viti vya ukutani vingesikia. Sponji ngumu mbele na katikati. Nyuma, pale upande wa kushoto, ile laini kabisa, tabaka juu ya tabaka, ichongwe ifuate bonde lilelile. Fundi alicheka, akauliza abiria watakaaje juu ya kiti kilichopinda. "Batazoea," papa alisema.

Mimi niliyasikia yote hayo kwa masikio haya, na mjue nilielewa nini. Nilielewa kwamba Koko hupanda pikipiki kwa siri. Njia nzima ya kurudi niliwazia: anapanda lini, anakwenda wapi, mbona sijamwona? Tulipokuwa tunakaribia Rubondo nilimpigia papa kelele sikioni, "Papa, Koko anapandaka moto siku gani?" Mgongo wake ulianza kutikisika. Alicheka mpaka akapunguza mwendo.

Abiria walizoea, ndiyo, lakini kwa malalamiko. Kila aliyekaa nyuma ya papa aliteleza kushoto taratibu na kufika sokoni ameinama upande, kama anayemsikiliza mtu anayesengenya. Waendesha moto wenzake walimtania papa bila huruma. Walisema moto yake ina ugonjwa wa kiuno. Papa alitabasamu akaendelea kukanyaga gia.

Jumapili ya kwanza baada ya Ruti papa hakumbembeleza Koko. Alisimama mlangoni mwake, kiti begani kiking'aa, akasema, "Mama, kiti ni ya mupya. Hii sasa bezi bataitaka sana." Koko akaomba fimbo yake.

Kanisani alikaa kama kawaida, nusu ya mwili kwanza, akijiandaa kwa maumivu. Kisha nusu ya pili. Nilikuwa kwenye dumu langu nikimtazama kwa sababu bado nilikuwa na swali langu la safari za siri, na nikaona uso wake. Mkono wake ulishuka pembeni, ukapapasa ngozi mpya, ukafuata ukingo wa lile bonde polepole mpaka mwisho. Akamwangalia papa ng'ambo, upande wa wanaume, naye papa alikuwa anatafuta ukurasa katika Biblia kwa bidii isiyo ya kawaida. Koko akafumba macho. Kabla mchungaji hajafika mimbarini, kabla gitaa halijalia, aliinua wimbo, na Jumapili hiyo aliinua nyimbo mpaka vijana wa kwaya wakaketi chini.

Tukitoka alimwambia papa jambo moja tu. "Hii kiti," alisema, "sasa inachungika."

Alikilinda kwa miaka mingine. Mimi nilikua, nikapata meno yangu, nikaacha dumu na kukaa benchi na wasichana wenzangu, na maswali yangu yakahamia kwingine. Kisha Koko akaanza kulala mchana. Jumamosi moja jioni, nikiwa nampelekea uji, alinishika mkono. Mkono wake ulikuwa mwepesi, hauna uzito kabisa. "Ambia papako," alisema, "leo asitoe kiti. Moto itumike kesho. Abebe batu."

Nilishangaa sana. Koko, mtu wa Jumapili kuliko mchungaji, anaruhusu moto ifanye kazi siku ya Bwana? Nilidhani ugonjwa umemfika kichwani. Nilimfikishia papa ujumbe chini ya mparachichi, spana ikiwa tayari mkononi mwake, na nikangoja anieleze. Alisimama pale akitazama kiti. Halafu alilegeza bolti zote mbili, akanipa nizitie katika kopo, akavuta ulimi. Hakufanya kama alivyoambiwa.

Nimekuwa mtu mzima ndipo nilipoyapanga yote sawasawa: kwamba hakuna mwizi aliyewahi kukitaka kiti kile, kwamba papa alitafuta njia ya kumpa mama yake kitu laini bila kumwita mgonjwa, na kwamba Koko alijua. Alijua tangu mwanzo, tangu siku niliyouliza swali langu la kijinga na yeye akamtolea mwanawe jibu. Walilindana hivyo miaka yote, kila mmoja akimwachia mwenzake heshima yake, na kujifanya wajinga mbele ya mtoto anayeuliza mambo mingi kuliko mupolisi. Na ule ujumbe wa Jumamosi ulikuwa wa kumfungua papa. Alimwambia kwamba zamu yake yeye, Koko, ya kulinda imekwisha.

Asubuhi ile ya Jumapili mama na mimi tulikwenda kanisani peke yetu. Tuliporudi, mlango wa chumba cha Koko ulikuwa wazi. Papa alikuwa amelaza kiti chini, kando ya mkeka wake, naye mwenyewe amekaa juu yake katika suti yake ya kahawia, ameinama upande wa kushoto kama abiria wake wote, mkono wa Koko ndani ya mkono wake. Nilimuuliza kwa sauti ya chini anafanya nini. "Ninachunga," alisema.

Mimi nilidhani anachunga kiti.